Maneno Thelathini ya Tata Badibanga

Siku ya nne ya homa, Tata Badibanga aliketi barazani kwake mtaani Dilala, shavu limevimba kama andazi. Kelele za taxi-moto, zile pikipiki za abiria, zilimfikia laini, kwa mbali, na kila akifumba macho alijiona kanisani, amesimama mbele ya watu, anasoma. Miaka thelathini na moja amewasomea waumini masomo ya Jumapili, na tuseme kweli, mzee huyu aliipenda sauti yake kupita kiasi. Ndiyo maana hakutaka kusikia habari za kung'oa jino. Aliogopa pengo litamharibia maneno.

Huguette alipoingia na karatasi zake, mzee alidhani naye ni sehemu ya njozi. Kumbe binti alitumwa na kituo kimoja cha meno kupima watu wazima wanaelewa kiasi gani mambo ya kinywa na dawa zake.

"Tata, musome tu haya maneno. Iko makumi tatu."

Akasoma Kifaransa cha ufizi, kuoza na jipu: gencive, carie, abcès... Aliyasoma kama somo la Pasaka, macho nusu yamefumba, na maneno yakaelea juu ya ua. Huguette akampa thelathini kwa thelathini. Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana wa pili uligoma.

"Na hii dawa, munakunywaka namna gani?" Pakiti ya vidonge vya kapsuli ilikuwa kando yake.

"Kunywa? Hapana, mwana. Minafunguaka gélule, minatia bunga yake mu kitundu ya jino. Bote banafanyaka vile."

Huguette akaweka kalamu chini. Alimgusa shavu, kisha chini ya taya. Uvimbe ulikuwa umeshafika shingoni.

"Tata, hii dawa banaimezaka, inapita mu damu. Mu kitundu haifanye kitu. Uvimbe ikifika mu koo, itafunga pumuzi yenu. Jino itoke leo."

"Na sauti yangu?"

"Mukikufa, tata, ile sauti itasomea nani?"

Mzee alichukua pakiti, akaisogeza karibu na macho. Kumeza na maji: imeandikwa waziwazi, kwa herufi kubwa. Siku nne ameisoma, na hakuna neno lililomshinda. Aibu ikamchoma kuliko homa.

"Ile makumi tatu, futa," alisema. "Andika: anasoma muzuri, haelewe."

Huguette hakufuta kitu. Alikwenda barabarani kuita pikipiki, akarudi kumshika mkono. Mzee alisimama kwa taabu, lakini alipofika langoni aligeukia nyumba ya jirani, mlango wa bluu uliofungwa tangu asubuhi.

"Tuanzie kwa Mama Domitille," alisema, na sauti yake nzuri ikatetemeka. "Naye jino inamuuma, na hajue kusoma. Ni mi njo nilimusomea pakiti yake, nikamuambia atie bunga mu kitundu."