Ng'ombe wa Mahari Katika Mwaka wa Joto

Kipimajoto nilikitundika mwenyewe, ukutani nyuma ya jiko, kwa sababu msumari ulikuwa pale. Mwanangu anayefundisha jiografia huko Pasiansi alikileta Jumapili moja, akaniambia nikitazame kila siku saa nane mchana, kisha nimsomee kwenye simu. Nikawa namsomea. Kila nikimsomea, anaguna.

Siku moja mjukuu wangu akapita na maziwa, akanikuta nimekikodolea macho. Akagusa ukuta, akautoa mkono haraka.

"Bibi, hapa unapima joto la dunia au la maharage?"

Kweli, upande wa pili wa ukuta moto ulikuwa unawaka mafigani na chungu kiko juu yake tangu asubuhi. Nikamwambia achunge mdomo wake. Lakini alikuwa amepata la kusema, akalishika kama fimbo ya kuchungia.

Kipimajoto hakikuwa mchezo nyumbani kwetu, na nieleze kwa nini. Mjukuu huyu nimemlea mimi. Alipata mchumba upande wa Busisi, ng'ambo ya daraja, tukazungumza na wazazi, mahari ikakubaliwa. Ni ng'ombe, na siku ya kuwapokea ni vuli ikishaanza, wakiwa wamekula majani mabichi. Sisi Wasukuma, mkwe hapokei ng'ombe kwa kusikia. Anakuja na ndugu zake, wanazunguka zizini, wanashika mgongo, wanafungua mdomo kutazama meno. Aliyekonda anakataliwa hapo hapo, majirani wanasikia. Wakikataliwa wengi, binti anabaki kwao na maneno yanaanza upya. Kijana alikuwa anampenda yule binti hata chakula hamalizi. Mimi nilikuwa naogopa.

Ng'ombe wetu kiangazi wanaishi kwa ngitili. Hicho ni kipande cha malisho tunachokifunga wakati wote wa mvua, mnyama asikiguse, ili kiangazi kikikaza tuwe na pa kuwapeleka. Yangu iko nyuma ya Buhongwa, na nyumba mpya za mabati zinaisogelea kila mwaka. Mwaka huu jua lilikaza mapema. Lambo lilishuka hadi ng'ombe wakawa wanaingia tope la magoti ili wanywe.

Jumapili iliyofuata mwanangu akaja na makaratasi.

"Mama, tuwape wakwe ng'ombe wao sasa, wakiwa bado na nyama. Tusingoje vuli. Tazama mstari huu."

Yalikuwa mahesabu ya joto ya kituo cha hali ya hewa cha mjini. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mstari niliuona. Ulikuwa unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, ila mwisho wake ulikuwa juu kuliko mwanzo.

Mjukuu akavuta kigoda. "Baba mdogo, hicho kituo walipokiweka zamani, jirani yake palikuwa na nini?"

"Nyasi, nadhani. Na mawe."

"Na leo?"

"Lami. Na nyumba."

"Nyumba za mabati. Basi ni kipimajoto cha bibi hicho hicho, kiko nyuma ya jiko."

Nilicheka bila kupenda. Nilitegemea mwanangu akasirike, lakini hakukasirika, na hapo ndipo nilipozidi kuwa na wasiwasi.

"Hapo umesema kweli," akamjibu. "Mji unaweza kukidanganya kituo. Ndiyo maana sikuja na kimoja tu. Hiki kiko kisiwani, hakuna lami. Hiki kiko katikati ya mashamba. Hiki kiko ng'ambo ya ziwa kabisa. Kila kimoja kina kasoro zake, lakini vyote vinaelekea upande mmoja. Na kilichopanda zaidi ni joto la alfajiri."

"Joto likizidi mwaka mmoja, baba mdogo, ni mwaka tu. Miaka ya hivyo ilikuwepo."

"Sizungumzii mwaka mmoja. Huu mstari unaanzia bibi yako akiwa na meno yote."

"Meno yangu yaacheni," nikasema.

Lile la alfajiri liliniingia. Nilipoolewa, mwezi wa saba tulikuwa tunaota moto kabla ya kukamua, vidole vimekufa ganzi. Siku hizi nakamua nimevaa kanga tu. Lakini mimi ni mzee, na mzee anaweza kuikumbuka baridi kuliko ilivyokuwa. Sikutaka ndoa ya mtoto wa watu iendeshwe kwa kumbukumbu zangu.

Nikamuuliza mwalimu wangu, "Hayo makaratasi yanasema vuli itaanza lini?"

"Hayasemi, mama. Yanasema joto. Mvua ya mwaka huu siwezi kuisoma humu."

"Sasa umenisaidia nini?"

"Joto linakausha lambo hata mvua ikija kwa wakati wake. Hilo ndilo ninalolijua, na hilo sitakuficha."

Mjukuu naye akaja na lake. "Tukiwaita kabla ya siku, watasema ng'ombe wanaumwa. Watasema tunawasukumia mizoga. Bibi, mimi sitamtazama yule mzee usoni."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Nikabaki katikati, huku na huku hakuna mwongo. Chakula cha mchana siku ile kilipoa kwenye mabakuli.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kuwatazama ng'ombe kule wanakochungwa nje ya ngitili. Jua lilikuwa halijafika utosini. Majani yalikuwepo, makavu lakini yapo. Ng'ombe walikuwa hawali. Walikuwa wamesongamana kwenye kivuli cha mgunga mmoja, ndimi nje, wanahema. Nimechunga tangu sijavunja ungo. Ng'ombe anayekimbilia kivuli saa za kula atalala na njaa, hata ukimwekea majani mdomoni. Nikaona hata ngitili ikijaa majani, haitawaponya kama hawawezi kusimama juani kuyala.

Nikampigia simu baba wa binti. Nikamwambia nina jambo, aje na ndugu zake.

Walivuka darajani siku ya tatu yake. Mjukuu alisalimia, "Shikamoo, baba," kwa sauti ya mgonjwa. Mkwe aliitikia marahaba, akakaa, akakataa maji kwanza.

"Mkwe, mbona haraka? Ng'ombe wana nini?"

"Wazima. Naogopa joto."

Nikamweleza lote, la lambo na la kivuli. Mwanangu akafungua makaratasi, akamwonyesha mistari. Mzee aliyatazama kwa heshima, akayarudisha.

"Mimi sibishi," akasema. "Lakini hilo joto lenu limeishia darajani? Kwangu lambo limekauka, watoto wanachota ziwani. Ukinikabidhi ng'ombe leo, nitawalisha nini?"

Siku zote zile nilikuwa nawaza zizi langu, ng'ombe watoke kwangu wakiwa wazima, basi. Kwamba watafika mahali wakae na kiu yao, sikuwa nimefika huko. Mwanangu akakunja makaratasi. Mjukuu alikuwa anatazama ardhi, nami nikajua anafikiri ndoa imekwisha.

Mzee akainuka, akaenda zizini na ndugu zake. Wakazunguka. Wakashika migongo. Mmoja akacheka, "Huyu ana pembe kuliko nyama!" Mwingine akamjibu, "Hata wewe ulioa hivyo hivyo." Walikaa humo hadi miguu yangu ikachoka kusimama.

Waliporudi, mkwe akanywa maji.

"Nimewaona, nimewapokea. Kuanzia leo ni wetu. Binti atakuja siku ile ile tuliyopanga, mvua iwepo isiwepo. Lakini ng'ombe wakae kwako, maana wewe una ngitili, mimi sina. Akifa mmoja, amekufa wetu, sitakudai mwingine. Ila ngozi nitaitaka."

Ndiyo desturi. Anayetunza ng'ombe wa mtu, mnyama akifa hupeleka ngozi, mwenyewe ajue hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Nilikubali. Ningesema nini? Mjukuu alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, akakimbia kumshika kuku wa wageni. Mwanangu akaninong'oneza kwamba tumepata zaidi ya tulichoomba.

Labda. Kijana amepata mke wake, na mimi nimepata ng'ombe wa watu. Nilipokuwa na wangu, akifa nalia na yanaisha. Hawa nikiwatazama wakihema, naona ngozi zimewambwa juani, na mimi nimebeba moja navuka nayo daraja, nampelekea baba wa mke wa mjukuu wangu.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza, nilikwenda na mjukuu hadi kwenye ngitili. Haijawahi kufunguliwa mapema hivyo tangu nifike kwenye kaya hii. Nilimwambia kuanzia siku ile watakula alfajiri na jioni, mchana wakae kivulini. Alishika tawi la miiba la mlangoni, akasita.

"Bibi, majani yakiisha kabla ya vuli?"

Nikamwambia avute miiba, ng'ombe wanangoja.