Shina la Mgomba Lililovaa Shati la Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hapa Kindu, niliamini kwamba nimemuua mdogo wangu. Sikumwambia mtu. Vita ilikuwa imetuzunguka, watu walikuwa wakizikwa kila wiki, na kifo cha mtoto mmoja hakikuulizwa sana.

Baba alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Kama kuchimba dhahabu kabla njia haijafungwa. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Kisha mtu mmoja akafika kutoka huko kwa miguu, akasema wenye bunduki walivamia shimo lao na baba hakuonekana tena. Koko, mama yake baba, akaamua tuweke matanga. Katika ukoo wetu, maiti isipopatikana huzikwa shina la mgomba mahali pake, kwa sababu marehemu asiye na kaburi hurudi kuwachukua wa nyumbani.

"Tukisha kulizika, muntu asiliguse," Koko alituonya. "Mwenye kufukua kaburi anafungulia kifo mulango."

Shina likavikwa shati la baba, likazikwa nyuma ya nyumba. Watu wote walilia isipokuwa mama. Kesho yake asubuhi nikamsikia amepiga magoti jikoni kama kawaida yake: "Mungu, umurudishe baba ya watoto."

Basi mimi, niliyejiona nina akili kuliko wakubwa, nikajiuliza: baba atarudije na sisi tumekwisha kumzika? Mchana ule mama na Koko walipokwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo ya mboga, nikachukua jembe. Shina lilikuwa fupi lakini zito. Nikaliburuta hadi kichakani, nikaacha shimo wazi, nikaenda kunawa. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Koko alipoliona lile shimo alipiga yowe mpaka majirani wakaja. Wiki tatu hazikuisha, mdogo wangu Kasongo, aliyezaliwa baba akiwa ameshaondoka na aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akashikwa na homa. Treni haikuwa imefika kwa miezi mingi na dawa zilikwisha mjini. Alifia mgongoni mwa mama, tukiwa njiani tukirudi kutoka kwenye zahanati.

Mama hakuacha kupiga magoti, ila sasa aliomba kimoyomoyo, midomo ikicheza bila sauti. Nilipokua nilimdharau kwa ajili hiyo, nakiri. Baba hajarudi hadi leo, mtoto tulimzika, naye bado anaomba tu!

Mwaka jana, tukimenya karanga barazani kwake, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nikamwambia ni mimi niliyefukua.

"Ninajua," akasema, mikono ikiendelea na karanga. "Niliona udongo kwenye nguo yako siku ile."

"Na uliamini kama ile kufukua njo ilimuua Kasongo?"

"Sasa ninazani ilikuwa malaria. Lakini wakati ule niliamini kabisa." Akapuliza maganda yaliyomjaa mapajani. "Njo maana nilikuwa ninaomba kila siku, Faida. 'Mungu, unisaidie nisimuchukie huyu mutoto.'"

Nililia pale pale, mtu mzima mwenye watoto wanne. Mama huyu alinisuka nywele kila Jumamosi. Katika njaa ya vita alinipakulia kabla ya kujipakulia mwenyewe, na homa iliponipata mimi alikesha akinikanda kwa maji. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Mungu hakumjibu mama hata mara moja.