Papasi Nyuma ya Diploma

Mtaani kwetu Buguruni, enzi za Waingereza, aliyekwenda Uingereza akarudi na diploma ya kemia alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Sikubebwa na mjomba wala padri. Nilianza kwa kuosha chupa katika maabara ya serikali kule mjini, nikasoma kwa njia ya posta, nikafaulu, nikapanda meli. Niliporudi niliitundika diploma ukutani, ndani ya fremu ya kioo, na watu walitoka mpaka Temeke kuja kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama bibi harusi.

Lakini ukuta wenyewe ulikuwa wa miti na udongo, na katika nyufa zake waliishi papasi. Asiyewajua ana bahati. Papasi ni mdudu bapa, rangi ya vumbi. Mchana hujificha, watu wakilala hutoka kunyonya damu, na huacha homa inayoondoka na kurudi, ikaondoka na kurudi. Mwanamke mwenye mimba homa hiyo humharibia. Mke wangu ilikuwa imemharibia mbili kabla sijasafiri. Niliporudi akashika nyingine.

"Safari hii ikitoka," aliniambia, "mie sibebi tena. Sina nguvu ya kuzika kitu kisicho na jina."

Dawa ya unga iliyoletwa kutoka nje iliua mbu na chawa, ila papasi wetu waliipita kama wanapita majivu. Nikaamua kuunda yangu. Ulaya tulikuwa tukiunganisha klorini na benzini kwa mwanga wa taa kubwa. Mimi nilitumia jua la Dar es Salaam, nyuma ya maabara, na jua letu lilizishinda taa zao. Mkuu wa maabara alikuja, akatazama, akaondoka bila kusema neno. Kwa Mwingereza, hiyo ni sifa. Unga wa mwanzo ulinuka uvundo wa gunia lililolowa, na haukuua sawasawa. Nikauyeyusha katika spiriti, nikatenga fuwele, nikajaribu kila fungu peke yake.

Papasi wa kujaribia walitoka nyumbani kwangu. Mama yangu, tuliyekaa naye, aliwachokonoa ukutani kwa kijiti, nami nikawaweka katika chupa zenye mchanga, nyingine zina dawa, nyingine hazina.

"Ewe mwanangu," alisema mama, "wenzio wanarudi na suti kutoka Ulaya. Wewe umerudi kufuga papasi?"

"Nawafuga niwaue, mama."

"Si uwaue tu! Viatu huna?"

Mke wangu alicheka mpaka akajishika tumbo. Katika vicheko vyake vyote, hicho ndicho ninachokikumbuka.

Fungu moja la fuwele liliwaua wote. Papasi wasio na dawa waliendelea kutambaa. Wenye dawa walikauka. Nilirudia, nikarudia tena. Kisha nikaipuliza nyumba nzima, sakafu na kuta, nikawaambia majirani kwamba mwanangu atazaliwa katika nyumba ya kwanza Buguruni isiyo na papasi.

Haukupita muda, mke wangu akaniita chumbani. Kwenye mkeka palikuwa na papasi, ameshiba damu, anatembea taratibu kama mwenye nyumba. Nikapuliza tena, nikaongeza dawa. Papasi wakaja tena. Nikawachukua wale wale, nikawatia katika chupa zangu maabara, wakafa. Nilitengeneza fungu jipya, nikalipima, likaua. Nyumbani halikuua kitu. Niliacha kula vizuri. Kila asubuhi nilimtazama mke wangu shingoni na miguuni, natafuta alama za kuumwa, naye alinipa mguu kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Siku alipoanza kutetemeka, alisema, "Bwana, dawa yako inafanya kazi mjini tu."

Tulimpeleka hospitali juu ya kitanda cha kamba, kimebebwa na majirani. Niliporudi kuchukua khanga zake, sikutaka diploma ile initazame. Nikaishusha niifungie sandukuni. Nyuma ya fremu wakamwagika papasi, wamekauka, wepesi kama maganda. Na ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa udongo mtupu, unanuka ule uvundo wa dawa. Pembeni mwake kote palikuwa peupe pee, weupe niliokuwa nikiuona kila siku nikidhani ni unga wangu. Nikakwangua ule weupe, nikaunusa. Ulinuka kama dawa ya nondo.

"Mama, umepaka chokaa lini?"

"Kila ukipuliza dawa. Mtoto haingii nyumba chafu, wewe hujui? Na ule unga wako ulikuwa unapukutika, nikaona niufunike na chokaa ushike. Sakafuni nimeukanda na chokaa humo humo."

"Na hapa?"

"Hapo niliogopa kukuvunjia kioo."

Chokaa mbichi yenye maji huivunja dawa ya aina ile. Huinyang'anya klorini, ikabaki harufu tu. Sikumwambia. Nilichukua jembe, naye akachukua panga, tukaikwangua nyumba pamoja mpaka fito zikaonekana, tukachimba sakafu, tukaitoa nje, nikapuliza fungu langu la mwisho juu ya udongo mkavu. Mama alifanya kazi analia, akidhani bado tunamwahi mtoto.

Mke wangu alirudi amefungwa khanga tumboni, mikono mitupu. Mama alikuwa anafagia. Papasi waliokufa walijaa kwenye ungo kama pumba.

"Wamekufa wote, mwanangu," mama alimwambia.

Mke wangu aliutazama ule ungo. "Wamekufa," alisema, akaingia ndani, akalala, uso kwenye fito.

Dawa yangu haikuwa na kosa. Hilo nililieleza kwa mkuu wa maabara, kwa majirani, kwa kila aliyekuja kutupa pole. Mke wangu peke yake sikuthubutu kumwambia.