Vigingi vya Mwalimu Bhoke

Mwalimu Bhoke Nyangwine sijawahi kumwona akinywa chai amekaa. Miaka minne sasa anakuja jikoni kwangu asubuhi kabla ya kengele ya shule, na miaka yote minne anasimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, macho barabarani, mguu ukipigapiga sakafu. Ukimpa kigoda anaweka daftari juu yake. Mwanzoni nilidhani anaona jiko langu chafu. Baadaye nikajua ndivyo alivyo, ingawa mpaka leo inaniudhi.

Mimi ni Mwajuma, mpishi wa kambi ya wageni wanaojitolea hapa Natta. Wageni hutoka nchi za mbali, hukaa wiki tatu, hupanda miti na kufundisha watoto habari za mazingira, hulia siku ya kuagana, huondoka. Bhoke naye anajitolea, ila kwa namna yetu. Ana cheti cha ualimu, ajira haijatoka, basi anafundisha sayansi shule ya msingi bure huku akingoja jina lake. Orodha ya ajira ikitoka anaisoma kwenye simu kutoka juu hadi chini, halafu anarudia kutoka chini hadi juu. Wa wiki tatu wanapewa vyeti na kuimbiwa. Wa miaka minne anaulizwa kama chaki zimebaki. Nikimwambia hivyo anasema, "Dada Mwajuma, acha uchokozi," na mguu unapiga sakafu kwa kasi zaidi.

Kwao ni Kemambo, kule Tarime. Baba yake, mzee Nyangwine, alipoteza nusu ya shamba kwenye kesi ya mpaka. Jirani alikuja barazani akaonyesha miti aliyopanda mwenyewe, na mzee wa watu hakuwa na hata mmoja wa kuonyesha. Huku kwetu mti ni shahidi. Wakigombana watu kuhusu ardhi, swali la kwanza ni nani alipanda kilichopo pale. Bhoke aliniambia hadithi hiyo mwenyewe, akichambua mchele wangu kwa hasira mpaka akatupa na mchele mzima. Kwa hiyo asije mtu akasema hakujua.

Chini ya shule kuna chemchemi. Ilikuwa inakauka, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaikanyaga kutoka kila upande. Bhoke na watoto wa klabu ya mazingira wakaotesha miche ya mikuyu kwenye pakiti za maziwa, mwaka mzima, mingine ikifa kwa mchwa, mingine ikiliwa na mbuzi wa mwalimu mkuu. Ilipofika arobaini akaenda kwa mzee Simioni, mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote. Mzee alikubali kuwapitisha ng'ombe upande wa chini tu. Akaweka sharti moja, na nililisikia kwa masikio yangu kwa kuwa nilikuwa nimepeleka maandazi.

"Panda, mwalimu. Lakini mti uwe wa kijiji. Usiwe wa mtu."

"Nimeelewa, mzee," Bhoke akasema.

Mwezi wa nne wageni wakaja, kumi na wanane, kiongozi wao kijana mrefu anaitwa Vincent. Kijana mwema, sina neno naye, anaosha sahani yake mwenyewe. Alimpenda Bhoke kwa kazi yake. Siku ya tatu akamwambia kuna nafasi kwao ya mwalimu kutoka Afrika, mwaka mmoja, kwenda kujitolea kwenye shule zao na kufundisha watoto wao mambo ya mazingira. Yeye Vincent angemwandikia barua ya kumpendekeza. Kilichobaki ni fomu, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri.

Sijui kama nitaweza kueleza Bhoke alivyokuwa wiki ile. Alikuwa anakuja jikoni, anatoka, anarudi, amesahau alichofuata. Aliniuliza kama huko barafu inaanguka mchana au usiku. Mimi niliyeishia Musoma ningejuaje?

Siku moja kabla ya kupanda, wageni wakaketi chini ya turubai wanachonga vijiti. Vijiti arobaini, virefu kama mkono, vyenye ncha, vimepakwa rangi nyeupe na kichwa chekundu. Kila kimoja kina jina la mgeni au la mtoto wake huko nyumbani, na jina la nchi. Walitaka kila mti uwe na jina, wapige picha. Vincent akamuuliza Bhoke mbele yangu kama ni sawa. Bhoke alitazama vile vijiti muda mrefu. Nilimwona. Mguu ulisimama.

Kisha akacheka, akasema, "Hamna shida."

Na mimi nikakoroga maharage yangu nikanyamaza. Hilo nalo liandikwe.

Kesho yake miti ikapandwa, kila mmoja na kijiti chake, na asubuhi iliyofuata wanawake walioenda kuchota maji walirudi na ndoo tupu. Walichokiona si miti. Miche ya kimo cha goti nani anaiona? Waliona vigingi arobaini vyeupe vyenye vichwa vyekundu vimeizunguka chemchemi yao, na majina ya kigeni juu yake. Mtu wa hapa akiona kigingi kilichopakwa rangi, anajua eneo limepimwa, na alipolisha jana kesho hatalisha. Kabla ya saa nne kijiji kizima kilikuwa kinasema chemchemi imeuzwa, na aliyeiuza ni yule Mkurya wa shule.

Mzee Simioni hakupiga kelele. Alituma ujumbe kwamba Ijumaa kutakuwa na mkutano shuleni, na Jumamosi vigingi vitang'olewa pamoja na miti, na ng'ombe watapita watakapo kama zamani.

Siku mbili hizo Bhoke alitembea. Shule, kambi, chemchemi, shule. Chai yangu hakuimaliza. Alhamisi nilimshika mkono nikamkalisha kwa nguvu kwenye gunia la mkaa.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wageni Jumapili wanaondoka. Sema ni wao. Sema walichomeka bila kukuuliza. Hawatadhurika na chochote, na wewe barua ya mzee unaihitaji."

"Nimefikiria hilo, dada."

"Basi?"

"Basi nimefikiria," akasema, akainuka.

Ijumaa madarasa yalifungwa mapema. Watu walijaa uwanjani, wengine na fimbo zao za kuchungia. Vincent alisimama, uso umemwiva, na Bhoke kando yake, kwa kuwa mkalimani ni nani mwingine? Mwalimu mkuu alikuwa ameenda Mugumu kwa kazi za ofisi, kazi ambazo hutokea kila penye matatizo. Kiingereza changu ni cha kuokota jikoni, kuandika siwezi, lakini kusikia nasikia. Kwa hiyo uwanja mzima, ukiacha wageni wenyewe, tulikuwa wawili tu tuliojua kilichokuwa kinasemwa.

Vincent aliomba radhi. Bhoke akatafsiri. Alisema hawakununua chochote, majina yalikuwa ya picha tu. Bhoke akatafsiri. Ndipo kijana wa watu, kwa nia njema kabisa, akasema kwamba hawakuwa wamefanya kwa dharau, kwamba walimuuliza kwanza mwalimu na mwalimu akawaambia hakuna shida.

Bhoke aliniangalia. Nilimwomba kwa macho apite juu ya sentensi hiyo, aiache, aseme lolote lile. Hakuna ambaye angejua. Vincent mwenyewe asingejua.

"Anasema walimuuliza mwalimu kwanza," Bhoke akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Na mwalimu akasema hamna shida. Mwalimu huyo ni mimi. Nilijua vigingi ni nini. Baba yangu alinyang'anywa shamba kwa mti. Nilikubali kwa sababu nilitaka wanipeleke kwao."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mshangao. Wengine wakaguna. Mimi niliinamisha uso nikalia kwa hasira, maana barua niliiona inakwenda.

Mzee Simioni aliinua fimbo yake, minong'ono ikaisha.

"Vigingi atang'oa yeye mwenyewe, sasa hivi, tukimwangalia," akasema. "Miti ibaki mpaka mvua za vuli. Ikifika hai, ni ya kijiji. Ikifa, ng'ombe wanarudi."

Bhoke akang'oa vyote arobaini mbele ya watu, sketi imejaa tope, na wageni wamesimama mbali na kofia mkononi. Vigingi vikaletwa kwangu. Nilivipikia maharage ya siku ya kuagana, na rangi ile ilitoa moshi mbaya. Vincent alimwachia Bhoke barua yake na fomu, akasema mwisho wa kutuma ni mwishoni mwa mwezi wa saba.

Mwezi wa sita jua likashika. Kila asubuhi Bhoke na watoto walipanga foleni na madumu, mti mmoja lita tano. Fomu ilikuwa ndani ya daftari, kwenye kigoda changu, na mimi kila siku naitazama. Katikati ya mwezi wa saba mzee Simioni akaja mwenyewe jikoni. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akakaa, akanywa chai yake kwanza.

"Mwalimu," akasema, "nimehesabu. Iko hai thelathini na saba. Ile barua yako, njoo ofisini Jumatatu. Mhuri upo."

Nilitaka kupiga vigelegele. Bhoke alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida, anaangalia basi la Mugumu linavyopita na vumbi lake.

"Ahsante, mzee. Lakini huko wanataka nianze mwezi wa tisa. Mvua itakuwa bado."

"Ng'ombe wangu hawataigusa. Nimekwambia."

"Najua. Ila likizo fupi ya mwezi wa tisa ikifika, watoto hawaendi chemchemini bila mtu wa kuwasimamia. Mwaka huu siwezi."

Mzee alipoondoka nilimsema Bhoke maneno ambayo sitayarudia hapa. Mwaka mzima wa ughaibuni, kwa ajili ya mikuyu thelathini na saba! Alimaliza chai kwa mkupuo mmoja, akachukua kalamu, akaitoa ile fomu kwenye daftari na kuigeuza upande wa nyuma, uliokuwa mweupe. Akaanza kuandika majina ya watoto na zamu za kumwagilia za likizo, kila mtoto na namba ya mti wake.

Aliandika amesimama, karatasi imebanwa ukutani, mguu ukipiga sakafu. Jumatano na Jumamosi aliona hazina mtu, akaweka jina langu.