Shimo la Ndizi la Bi Hawa

Jumanne, 14 Mei 1935. Mvua nyepesi tangu alfajiri, baridi kidogo.

Mkono unaandika, moyo unakataa. Bi Hawa, mvumbika ndizi wetu wa Kariakoo, aliyeziivisha shimoni, ametutoka juzi. Ninyi mliokula ndizi zake, ukurasa huu nitaunakili kesho niubandike sokoni, ni wenu pia.

Namkumbuka akipuliza moshi wa makumbi ya nazi shimoni, machozi yanamtiririka, na bado anamtania kila apitaye.

Namkumbuka uani kwake akikata ncha za mirehani. "Ukiiacha inakwenda juu tu kama mnara. Ikate, uone inavyotanuka!"

Siku moja nilimsomea kitabu cha mimea ninachofundishia. Kwamba ndani ya mmea mna vitu vichache mno, wanaviita homoni, vinavyoamrisha shina lirefuke na chipukizi lingoje. Kwamba tunda bivu hutoa hewa isiyoonekana, ikaivisha jirani yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe Wazungu nao wana shimo?"

Lo! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki hiyohiyo akaniachia shimo nilifunike. Katikati ya mikungu nikaona papai bivu. Nikadhani limesahauliwa, nikalila. Ndizi zikatoka nusu mbichi.

"Mwalimu wee! Kitabu umekisoma, papai umelila!" Soko zima lilijua.

Ijumaa alivumbika mikungu sita ya harusi ya binti wa Mama Salma. Jumapili akafariki. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kufukua, nilikuwa nimeiandika humu. Nikatia mkono: ngumu. Baridi imezichelewesha.

Mama Salma akataka kununua kwingine. "Mwenye mkono wake hayupo, Mwalimu. Usiniaibishe mbele ya wakwe."

Nikamwomba siku moja tu. Sikutaka jina la Bi Hawa liishie kwenye ndizi mbichi. Nikaongeza papai jingine, nikafukia, nikashinda na wasiwasi.

Leo saa nne asubuhi tumefukua. Njano tupu! Harufu ikajaa ua mzima.

Mama Salma akamenya moja, akatafuna polepole, akajifuta macho kwa kanga.

"Hizi za Hawa," akasema. "Hakuna mwingine."

Nikamhesabia mikungu yake sita.

Usingizi mwema, shoga yangu. Harusi ya watu haitaaibika.

Nazima taa saa tatu na dakika kumi, nalala.