Fundi Anayetazama Ukuta

Fundi wa kompyuta wa hospitali yetu hapa Vava'u, visiwani Tonga, hufanya kazi amepiga magoti, kiunoni bado amejifunga mkeka ambao sisi huvaa msibani, kwa ajili ya mamake. Siku ile alilivuta dirisha la eksirei likajaa kioo cha kompyuta, lakini picha ya mapafu ya mwanangu ikabaki ndogo katikati ya weusi. Daktari hakuweza kuisoma.

"Kaka, unalivuta kama nguruwe mkaidi!" nesi Melenaite akamtania.

"Linux, mfumo unaoonyesha picha humu ndani, haijui kwamba dirisha limekua, dada. Ngoja niiambie."

Akaandika mstari mmoja kwa vidole viwili. Picha ikatanda kioo kizima. Yeye akageukia ukuta, kama afanyavyo siku zote. Kwake, mwili wa mgonjwa haukodolewi macho.

"Ugonjwa uko kwenye pafu moja tu," daktari akasema. "Atapona kwa dawa."

Fundi, bado akitazama ukuta, akashusha pumzi hadi mkeka wa kiunoni ukalia.