Kilo Tatu kwa Bei ya Moja

Mimi ni mtu wa kuuliza, na sokoni wananijua kwa hilo. Kabla ya kununua maharagwe nataka kusikia yametoka Rutshuru au Masisi. Viazi lazima niambiwe vimekaa njiani siku ngapi. Siku moja pale soko la samaki la Kituku nilimwachia mama mmoja sambaza zake kwa sababu zilikuwa ndogo mno, zimevuliwa kwa chandarua cha mbu, nikamhubiria mbele za watu kwamba anawamalizia wajukuu wake ziwa. Yeye akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Ni ugonjwa wa ualimu. Kitu kimoja sikukiulizia, nacho ni nyama, ule mwaka wa uasi iliposhuka bei.

Ilishuka ghafla. Wiki moja tulikuwa tunanunua nyama siku ya sikukuu, wiki iliyofuata mtaa wetu mzima wa Majengo, hapa Goma, unanuka mchuzi. Meza za nyama ziliongezeka hadi kando ya barabara. Hakuna aliyeuliza ng'ombe wote hao wametoka wapi, na kila mtu alikuwa na masikio: tulisikia kwamba huko milimani wenye bunduki wanaswaga mifugo ya watu. Tulisikitika kweli. Halafu tulinunua.

Sasa niseme habari za mzee mmoja, mfugaji wa huko juu Masisi. Miaka kadhaa kabla ya hapo, volkano ilipolipuka, nyumba yetu ya mbao ilizama chini ya lava pamoja na kila kitu, tukakimbilia milimani mimi, mume wangu na watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Maziwa yalinikauka kwa hofu. Mzee huyo hakutujua kabisa. Alitupa chumba, na kila asubuhi kwa wiki tatu mke wake alimchemshia mtoto wangu maziwa. Siku ya kuondoka nilitoa hela kidogo tulizokuwa nazo. Mzee alicheka.

"Mugeni hanunuake maziwa, mama. Mugeni anakunywa."

Yule mtoto yuko hai kwa sababu ya ng'ombe wa mzee yule, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Niliapa moyoni kwamba akija Goma, kwangu ndiko kwake.

Akaja. Ni mwaka huo huo wa nyama rahisi, asubuhi, amesimama mlangoni na fimbo yake na mfuko mmoja, viatu vimekwisha. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nilimwambia, "Ingia, papa, hapa ni kwako." Nikampa kiti, nikampa chai, akaeleza polepole kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Watu wenye bunduki walikuja mchana, wakafungua zizi, wakachukua ng'ombe wote kumi na sita.

"Zilishuka na barabara ya Goma," alisema. "Mimi nikafuata nyuma, mbali kidogo, mupaka miguu ikakataa. Zenyewe zilinitangulia."

Nililia naye. Nilimshika mikono nikalia kwelikweli. Kisha nikanawa uso, nikachukua kikapu, nikaenda sokoni kumnunulia mgeni wangu nyama.

Hapo ndipo najishangaa hadi leo. Nilikuwa nimetoka kusikia kwa masikio yangu ng'ombe wameshuka kwa barabara ipi, na nilitembea hadi kwenye meza ya nyama nikiwaza vitunguu. Nilitaka apokelewe kwa heshima. Mgeni kama yule humpi sombe, majani ya muhogo, peke yake.

Mchana tukaketi. Mzee alinawa, akasali, akamega fufu, akala kipande cha kwanza na cha pili. Alisifu mchuzi. Akauliza nyama nimeipata wapi, swali la adabu tu, na mimi kwa mdomo wangu nikajibu kwa majivuno, maana hakuna kitu kinachonifurahisha kama kununua vizuri.

"Ku soko, papa. Siku hizi nyama iko beyi ya chini! Na beyi ya kilo moja ya zamani unapata kilo tatu."

"Kilo tatu?"

"Tatu nzima."

Alirudisha tonge kwenye sahani. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mutu mwenye alichunga ngombe hawezi kuuzisha na beyi hiyo, mama. Hata akiwa na njaa. Hiyo ni beyi ya mutu mwenye hakuchunga."

Kama ilikuwa nyama ya ng'ombe wake au ya mwingine, sijui, na yeye hakusema. Alimaliza fufu kavu, akashukuru, akalala kitanda nilichomtandikia. Asubuhi aliaga kwa upole, akasema anakwenda kambini kwa wenzake waliokimbia kama yeye. Nilimbembeleza hadi kwenye lango. Alikwenda kulala chini ya shitingi, turubai la kambini, juu ya mawe ya lava, na kwangu kitanda kilikuwa wazi.

Mume wangu alingoja mzee apotee kwenye kona, kisha akasema, "Ungemudanganya tu beyi." Nami nilikubaliana naye. Kwa muda mrefu sana nilijuta kutaja bei. Kujuta kununua kulinijia nimeshachelewa. Siku ile nyama iliyobaki niliipasha moto, watoto wakala, na mimi nikala. Ilikuwa nzuri.

Tuliendelea hivyo hadi milima ilipobaki bila ng'ombe. Maziwa yakawa adimu, nyama ikapanda kuliko zamani, nasi tukasimama mbele ya zile meza tukilalamika kwamba wauzaji hawana huruma.

Kabla nyama haijapanda nilikwenda kumsalimia mzee kambini, Jumamosi moja, na sukari na sabuni. Alinipa kigoda chake pekee, yeye akakaa juu ya jiwe. Aliwauliza watoto wangu mmoja mmoja kwa majina yao. Hakutaja chakula kabisa, na niliona anajizuia kwa ajili yangu, ili nisione haya. Njiani nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia neno moja: papa, niliacha kununua nyama ile. Nililitafuta mdomoni nikashindwa, maana nyumbani nyama ilikuwa sufuriani, na niliinunua asubuhi ile.